Tete Juu ya Mlango

Kituoni, Khubelu
28 Mei 1991

Mdogo wangu Molikuoa,

Au niseme Mama Khopotso, maana sasa una jina la watu wazima.

Habari nilizipata kwa Mzee Nkuebe, dereva wa gari la duka. Alinikuta natoka chumba cha maiti, akapaza sauti toka ng'ambo ya barabara: "Mjomba! Mama yako kachomeka tete juu ya mlango! Msichana, wamemwita Khopotso!" Nilicheka peke yangu mpaka watu wakageuka. Sikuwa nimecheka muda mrefu.

Sitakuja kumwona, na unajua kwa nini. Mwanaume haingii penye tete la uzazi, na mimi ni mwanaume wa aina mbaya zaidi, miguu yangu inatoka kwa wafu. Miguu ya namna hiyo ina moto, humuunguza mtoto mchanga. Inspekta wangu aliyesoma ng'ambo ananicheka, anasema huo ni ushirikina. Basi akapeleke miguu yake kwa mtoto wake.

Jumatatu tumempata mwanamke wa tatu aliyeuawa. Mengine hayafai kuandikiwa mzazi.

Jambo dogo tu. Msimamizi wa ghala la sufu anasema Mohapi ameacha kazi bila kuaga, hakuchukua hata mshahara. Unamjua mdogo wetu, kichwa chake ni upepo. Akipita nyumbani, mwambie namtafuta. Si kitu kikubwa.

Kaka yako,
Seabata


Ha Sekete, mlimani
10 Juni 1991

Kaka Seabata,

Barua yako nimemsomea mama mara mbili, na ya pili aliniambia nisome polepole, kana kwamba wewe ndiye unaongea. Kuhusu miguu yako amesema, "Huyo ni mwanangu, nilimfunza." Kuhusu Inspekta wako alisema neno ambalo siliandiki.

Khopotso ni mzima. Ana nywele kama za Mohapi, zimesimama tu. Baba yake ametuma blanketi toka machimboni, zuri, lenye mistari ya buluu, ila yeye mwenyewe hajapewa ruhusa.

Kaka, nimechoka. Sikujua mtu anaweza kuchoka mpaka kwenye nywele. Mtoto analia jioni yote, akinyamaza mimi ndiye nalia. Mama ananiangalia tu. "Umezaa mmoja, unaomboleza. Mimi nilizaa watatu na mtama nikavuna." Halafu anamchukua, anamfunga kwenye blanketi, ananiambia nilale. Ulimi wake ni mwiba, mikono yake ni maziwa.

Mohapi hajafika. Angefika, kuku wa mama wangekuwa wa kwanza kujua.

Hao wanawake ni wa wapi? Usinifiche. Mimi nakaa ndani siku nzima nikitazama mlango. Usiponiambia nitabuni, na ninayobuni ni mabaya zaidi.

Molikuoa


Kituoni, Khubelu
24 Juni 1991

Mdogo wangu,

Uliomba. Ukurasa huu usimsomee mama.

Wa kwanza alikuwa anatoka kutema kuni. Wa pili alitoka zahanati na dawa ya kikohozi ya mwanawe. Wa tatu alikuwa anavunja mawe kwenye ile barabara mpya, alikuwa anarudi kwake. Wote walikabwa shingo. Lakini sikiliza, maana hili linaninyima usingizi: mzigo wa kila mmoja uliwekwa pembeni vizuri, kuni hazikumwagika, chupa ya dawa haikuvunjika. Viatu vimevuliwa, vimepangwa pamoja. Na kila mmoja amefungwa katika blanketi lake mwenyewe kama mtoto aliyelazwa.

Sasa pini. Wanawake wetu hufunga pini kifuani ionekane, ni pambo lao. Hizi hazikuonekana. Pindo la blanketi lilikunjwa mara mbili, pini ikapitishwa katikati ya mikunjo, chuma kisiguse ngozi. Inspekta alinikuta nimepiga magoti nikiliangalia. "Sajenti," akasema, "sisi tunatafuta muuaji, wewe unatafuta fundi cherehani?" Kituo kizima kikacheka. Nikacheka nao.

Molikuoa, sisi tulifungwa hivyo utotoni, sote watatu. Mama alisema pini isimchome mtoto. Je, kuna mwanamke mwingine kijijini anayefunga hivyo? Nataka sana uniambie yupo. Niambie wako wengi.

Seabata


Ha Sekete
8 Julai 1991

Kwa Kaka Seabata,

Salamu. Sisi hatujambo. Barua yako tumeisoma wote.

Wanawake wanaofunga pini namna hiyo ni wengi sana hapa kijijini, hawahesabiki. Mohapi hatujamwona tangu sikukuu. Tunasikia alivuka mpaka kutafuta kazi machimboni.

Mama anasema utume mafuta ya taa na unga, kwa kuwa baridi imemfanya awe mlaji. Anasema pia usije. Mtoto ni mdhaifu, tete litaendelea kukaa.

Wako,
Molikuoa


Kituoni, Khubelu
19 Agosti 1991

Mama, na mdogo wangu,

Barua hii Molikuoa amsomee mama yote, sina la kuficha.

Naomba radhi kwa juzi. Kuingia kijiji cha watu na farasi na bunduki ni aibu, na kijiji chenyewe kikiwa chako ni aibu mara mbili. Amri ilitoka juu: kila nyumba ipekuliwe. Tuliingia mpaka ghala la chifu, tukapekua na banda la mjane aliye kipofu, akatutukana vizuri. Nyumba yetu ndiyo ilibaki.

Konstebo Phafoli, yule kijana wa mjini, alikuwa keshashika kitasa. Nikamdaka mkono.

"Kijana, huoni tete?"

"Naliona, Sajenti. Lakini amri imesema kila nyumba."

"Amri haikunizaa."

Ndipo mama uliponiita kutoka ndani: "Seabata! Unataka kuniulia mjukuu? Ondoka na miguu yako!" Khopotso akaanza kulia. Ndiyo mara ya kwanza nasikia sauti ya mpwa wangu. Halafu akanyamaza ghafla. Nikasema moyoni, amepata ziwa. Nikageuza farasi.

Inspekta ameandika kwamba kijiji hakina kitu. Tangu majira ya baridi yaanze hakuna mwanamke aliyeuawa, kwa hiyo anaamini muuaji ni mtu wa ng'ambo na amerudi kwao. Nami nimechoka kubisha. Faili linafungwa.

Limebaki la familia. Mama, mtoto amekwisha kuwa mkubwa, wenzake wa umri huo wanabebwa mpaka kanisani. Tete linangoja nini? Siku litakapotoka nitakuja kama mjomba, si kama polisi. Nitapanda gari la Mzee Nkuebe na kuku wa zawadi. Mlango usio na tete ni mlango kama mlango mwingine.

Mwanao na kaka yako,
Seabata


Ha Sekete
25 Agosti 1991

Kaka,

Hakupata ziwa.

Ulikuwa mkono wa Mohapi. Alimfunika mdomo na pua, mkono mmoja tu unatosha uso wote wa Khopotso. Mimi nilikuwa nimekaa mbele yake, siwezi kupiga kelele, namtazama machoni, naye ananitikisia kichwa taratibu kama anayesema usiogope. Nilisikia farasi wako wakigeuka. Nikawasikia mpaka mtoni. Ndipo alipoondoa mkono. Mtoto alikuwa na rangi ambayo sitaki kuiona tena.

Naandika nyuma ya nyumba, juani, nimejifanya naanika nepi. Nitampa barua hii mke wa Mzee Nkuebe pale kisimani. Nivumilie ikiwa haina mpangilio.

Alikuja Juni, siku chache baada ya barua yangu ya kwanza. Theluji ilikuwa mabegani, viatu vimepasuka. Mama hakuuliza kitu. Alimpitisha chini ya tete, mwanaume mzima, akamkalisha nyuma ya kapu la mtama, akasema, "Polisi wamekosa mtu, sasa wanataka mtoto wa maskini." Nami niliamini. Kaka, ni Mohapi. Ni yule aliyekuwa akilia mwanakondoo akichinjwa.

Na nitakuambia ukweli wote: nilifurahi. Alichemsha maji, alifua nepi bila kukunja uso. Khopotso akilia alimchukua, akatembea naye huku na huku, akimwimbia nyimbo za wachunga mifugo. Mimi nikalala. Hakuna mtu aliyewahi kunipa zawadi kubwa kama ule usingizi.

Halafu ikaja barua yako ya pini. Alinipokonya, akaisoma kwa sauti, na ule ukurasa uliokatazwa. Mama alikuwa anapepeta mtama. Ungo ukasimama hewani. Akasema, "Wanawake wengi hufunga hivyo," akaendelea kupepeta, lakini kaka, mtama ulikuwa unamwagika chini naye haoni. Jibu ulilopata alilitamka Mohapi, mimi nikaandika. Neno langu ni moja tu, "tumeisoma wote", na sijui kama uliliona. Mama hajui kusoma, Khopotso hajui kusoma.

Barua yako ya sasa ameisoma, akacheka. "Kaka amekata tamaa," anasema. Mimi nimeielewa.

Sasa lile linalonifanya niandike. Juzi nililala na viatu kwa sababu ya baridi. Nimeamka jua limetoka, viatu haviko miguuni. Vimepangwa pembeni ya mkeka, vimelingana. Nimefungwa ndani ya blanketi langu mpaka kidevuni. Nikapapasa kifuani, nikatafuta pini kwa vidole, chuma sikukigusa.

Alikuwa amekaa karibu yangu. Akaniambia kwa upole, "Umechoka sana, dada. Naona unavyotembea. Hata wale walikuwa wamechoka. Nilipowaambia weka mzigo chini upumzike, walilia kwa furaha."

Mama alisikia. Alinyanyuka, akaja kukaa katikati yetu, akaanza kumenya maboga kana kwamba hakuna lililosemwa.

Baadaye nikamfuata nje kwenye jaa la jivu. "Mama, umemsikia?"

"Theluji ikiyeyuka atavuka mpaka. Vumilia."

"Mama, na mimi si mwanao?"

"Wewe una mume, una mtoto, una kaka mwenye farasi wa serikali. Yeye ana nani?"

Sikumchukia, kaka. Nilimwona mzee. Nilimwona amebeba mtu mzima mgongoni, hajui amtue wapi. Lakini mimi nami nina wa kubeba.

Ijumaa gari la duka likifika, mama hushuka kununua mafuta. Khopotso nitamfunga mgongoni, nitatoka kama naenda kuanika, na tete nitalichomoa kwa mkono wangu. Ukiona mlango mtupu, ingia. Usije na farasi, anazijua kwato.

Na usiniambie nimekuwa jasiri. Naogopa mpaka maziwa yamekauka.

Molikuoa


Kituoni, Khubelu
6 Septemba 1991

Mdogo wangu,

Niliandika taarifa ya kazi, Inspekta ameipitisha. Imesema: mtuhumiwa alikamatwa bila purukushani. Hayo ni ya serikali. Yako ni haya, maana ulikuwa nje, na una haki ya kujua.

Lile neno lako nililiona Julai ileile. Niliomba farasi, nikanyimwa mwezi mzima. Nilipopewa, nilifika nikasimama mbele ya tete. Nilikwisha kujua yumo, Molikuoa, au nilikuwa karibu kujua, na bado mkono wangu ulimzuia Phafoli. Nimejiuliza niliogopa nini, kumuunguza mtoto au kumkuta Mohapi. Barua niliyotuma baadaye niliiandika ili aisome yeye.

Ijumaa tulikuwa ndani ya gari la Mzee Nkuebe, chini ya magunia ya unga. Mzee aliimba njia nzima ili tusisikike tukikohoa, na anaimba vibaya. Nilichungulia kwenye turubai nikakuona umetoka, una tete mkononi. Mgongo wako ulikuwa mtupu.

Sasa najua Mohapi alisema, "Niachie, amelala," nawe ukiwa mlangoni hukuweza kurudi wala kubishana. Wakati ule nilichojua ni kwamba mtoto amebaki ndani. Phafoli akataka kukimbia. Nikamwambia abaki ukutani. Nikavua viatu vyangu vya kazi hapo nje, na soksi. Sijui kama nilifanya hivyo ili nisisikike au kwa sababu ya mama. Chini palikuwa na barafu.

Alikuwa amekaa kwenye kigoda, Khopotso mapajani, amemfunga lile blanketi la mistari ya buluu. Hakushtuka. Alitazama miguu yangu kwanza.

"Umevua viatu, kaka."

"Nimevua."

"Vizuri. Ana usingizi mwepesi huyu."

Mkono wake ulikuwa umelala juu ya kifua cha mtoto, karibu na shingo. Bastola nilikuwa nayo. Nikachuchumaa sakafuni nayo, pamoja na woga wangu wote, tukawa usawa mmoja, kama zamani tukiota moto.

"Mohapi," nikasema, "mimi sijamwona mpwa wangu. Watu wote wamemshika isipokuwa mimi. Nipe kidogo."

Akafikiri. Unajua anavyofikiri, anainamisha kichwa upande. Akasema, "Mshike shingo, usimshike kama bunduki." Akanipa. Alinyoosha mikono yote miwili, kama mtu anayempa mgeni chakula.

Phafoli alipoingia, Mohapi hakupinga. Aliuliza tu kama huko anakokwenda kuna baridi, na kama mama atajua kumtumia blanketi.

Ndipo nikamtazama mtoto. Nikapitisha kidole kifuani kwake kutafuta pini. Haikumgusa. Nilikaa chini nikiwa na sare za serikali, nikalia, na yeye akaamka akanitazama tu.

Mama alirudi na dumu la mafuta. Ulimwona. Alikwenda moja kwa moja kwenye viatu vyangu pale nje, akavitazama, akavipita.

Mwambie nimeuliza hali yake.

Seabata


Ha Sekete
13 Oktoba 1991

Kwa Sajenti,

Mimi mama yako nasema, na Molikuoa anaandika.

Siku uliyozaliwa niliacha jina nililopewa na baba yangu, nikaitwa kwa jina lako. Mama Seabata. Nimelivaa ujana wangu wote na uzee huu. Sasa nimelivua. Wakiniita hivyo kisimani siitiki. Mimi ni Mama Mohapi. Wewe una cheo, utaitwa Sajenti. Yeye watamnyonga, na akinyongwa jina lake litakaa wapi kama si kwangu?

Sikulaani. Mzazi halaani. Blanketi lake nimempa Nkuebe, lipeleke gerezani, ni lile la kijivu. Wakikataa pini, lipeleke bila pini.

Usije mpaka nikuite.

Mama Mohapi


Kaka, hayo ni yake, nimeyaandika kama alivyotamka. Nilipokataa alisema atakwenda kwa mwalimu, na mwalimu ana mdomo. Sasa ni mimi.

Khopotso ana meno mawili ya chini. Ninamfunga kwa kitambaa, kifundo tu. Pini zote za nyumba hii nimezitupa shimoni, na mama aliniona, hakunizuia. Baba yake amepewa ruhusa, atakuja mwezi ujao. Bado nimechoka, lakini mtu akiniambia "umechoka" namjibu kwa ukali, halafu naona haya.

Nilitaka kufunga bahasha, lakini gari limechelewa kwa mvua, na leo limetokea jambo.

Alikuja mwanamke kwa miguu, mgeni, viatu ameshika mkononi kwa matope. Alisimama uani, akasema yeye ni mama wa yule aliyekuwa na dawa ya kikohozi. Sikujua nifanye nini. Nilidhani amekuja na mawe. Mama alitoka, akamtazama, akamwekea kigoda, akaingia kuchemsha chai. Walikunywa. Chai ikaisha, mama akaongeza nyingine. Yule mwanamke akaomba kumwona mtoto. Nikamletea. Akamshika vizuri, akamnusa kichwani, akanirudishia.

Mjukuu wake, alisema, kikohozi kilipona. Anatembea sasa. Anamwita yeye mama.

Alipoinuka kuondoka akamgeukia mama. "Nimekunywa chai yako wala sijakuuliza jina. Wewe ni mama nani?"

Nilishika ukuta, kaka. Kisimani amegombana na watu wiki nzima ili aitwe Mama Mohapi. Nilimwona anafungua mdomo, anaufunga. Alitazama viatu vya yule mwanamke, vile vya matope, alivyokuwa bado ameshika.

"Mama Seabata," akasema.

Wako,
Molikuoa